Rubani Aliyechapwa: Mabaharia wa Mikindani na Pwani ya Cabo Delgado

Usiku wa Jumamosi, tarehe 31 Machi 1498, merikebu za Vasco da Gama zilikuwa zikiambaa pwani ya kaskazini ya nchi ambayo leo tunaiita Msumbiji. Ndani yake alikuwamo rubani Mwislamu aliyechukuliwa Kisiwa cha Msumbiji ili awaonyeshe Wareno njia. Usiku huo rubani alimwambia nahodha mkuu kwamba nchi inayoonekana ni bara. Ikaja kubainika kuwa ni visiwa. Rubani akachapwa viboko kwa kosa la kusema uongo, na kisiwa cha kwanza kati ya vile kikapewa jina la Kireno lenye maana ya Kisiwa cha Aliyechapwa.

Habari hii imo katika shajara ya mtu mmoja aliyekuwamo safarini, na wanahistoria wengi hukiweka kisiwa hicho katika Visiwa vya Kerimba. Shajara imehifadhi siku ya tukio, kosa na adhabu. Jina la rubani haikulitaja.

Nilikutana na tukio hili nikiwa mwaka wa pili, katika somo la historia ya Afrika Mashariki kabla ya ukoloni. Kwenye daftari langu niliandika mstari mmoja tu: marubani wa pwani waliwahadaa Wareno. Likizo ilipofika nikarudi nyumbani Mikindani, nikamsimulia babu, kwa kuwa ujana wake aliumaliza katika maji hayo hayo. Babu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ilikuwa usiku?" Nikamjibu ndiyo, usiku. "Walikuwa mbali kiasi gani na nchi?" Nikasema kitabu hakikueleza. "Mwezi ulikuwa tarehe ngapi?" Hapo sikuwa na jibu. Babu akacheka. "Basi mke wangu, umemhukumu mwenzio bila kesi."

Insha hii imetokana na maswali hayo matatu. Ninadai kwamba historia ya pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado haiwezi kueleweka vizuri kwa kusoma kumbukumbu za wageni waliopita na merikebu peke yake. Ujuzi wa mabaharia walioambaa pwani hiyo kwa tanga nao ni chanzo cha historia, na unastahili kupimwa kama tunavyopima shajara na barua za kikoloni, kwa heshima na kwa mashaka yale yale.

Njia yangu ilikuwa rahisi. Kwa wiki mbili, kila baada ya sala ya alasiri, niliketi barazani na babu na rafiki zake wawili. Babu aliingia chomboni mwaka 1956 akiwa na miaka kumi na minne, na kama kawaida ya mdogo kuliko wote, alianza kwa kupika. Mzee wa pili alikuwa mshika usukani, na wa tatu alifikia kuwa nahodha wa jahazi. Niliwaomba wanipeleke safari kwa mdomo, kutoka Mikindani kwenda Ibo, kituo kwa kituo. Nilikuwa nimekuja na ramani. Wakaiangalia kwa adabu, wakaikunja, wakaanza na upepo.

Walinieleza kwamba safari ndefu ya kusini ilingoja kaskazi, yaani kuanzia Desemba mpaka Machi, na ya kurudi ilifuata kusi kuanzia Aprili. Kati ya hapo, kwa safari fupi, walitumia umande, upepo mwepesi unaotoka nchi kavu alfajiri. Lakini upepo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mkondo. "Ukishuka kule na kaskazi," alisema aliyekuwa nahodha, "upepo unakusukuma, maji yanakurudisha." Niliporudi chuoni nilikuta kwamba wataalamu wa bahari wanasema jambo hilo hilo kwa lugha yao: mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki huifikia Afrika karibu na Rasi Delgado na kugawanyika, tawi moja likaenda kaskazini kuipitia pwani ya Tanzania na Kenya, jingine likaelekea kusini. Ndiyo maana mabaharia wa Mikindani walipoelekea kusini hawakukaa bahari kuu. Waliambaa karibu na nchi, wakapita ndani ya visiwa, mahali ambapo mkondo haukuwa na nguvu sana.

Kituo cha kwanza cha kumbukumbu yao ni Ruvuma. Wakati wa mvua maji ya mto huo huonekana baharini kwa rangi yake kabla hujauona mdomo wenyewe. Kwenye ramani hapa ndipo Tanzania inapoishia. Niliwauliza wazee kama walijisikia wameingia nchi ya kigeni. Walitazamana. Mshika usukani akajibu kwamba ugeni haukuwa mtoni, ulikuwa forodhani. Mikindani palikuwa na forodha ya Mwingereza na Palma palikuwa na ya Mreno, kila mmoja na karatasi zake na ada zake. Katikati palikuwa na maji tu.

Jibu hilo linalingana na historia ya mpaka wenyewe, ambao ulihamahama mara nyingi kuliko mashua. Katika mapatano ya mwaka 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani, Sultani wa Zanzibar alitambuliwa kuwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi kuanzia Ghuba ya Tungi, ambako ndiko iliko Palma, mpaka Kipini. Mwishoni mwa mwaka huo huo Ujerumani na Ureno zikapatana kwamba Ruvuma ndiyo itakayotenganisha maeneo yao. Mapema mwaka 1887 Wareno wakaichukua Tungi kwa nguvu kutoka kwa Sayyid Barghash. Mwaka 1894 Wajerumani wakaikalia Kionga, kipande kidogo cha nchi kusini ya mdomo wa Ruvuma. Mwaka 1916 Wareno wakakirudisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1919 Mkataba wa Versailles ukathibitisha kuwa ni chao. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1880 na kufariki mwaka 1920 aliweza kuwa chini ya Sultani, Mjerumani na Mreno bila kuhama nyumba. Wavuvi na mabaharia wa huko waliendelea kungoja upepo ule ule.

Baada ya Kionga wazee waliizunguka Rasi Delgado na kuingia Tungi. Hapa bibi yangu, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alijiunga na safari bila kualikwa. Yeye alizaliwa huko. Aliletwa Mikindani kwa jahazi mwaka 1963, ameolewa na babu, akamwacha mdogo wake wa pekee kwa wazazi. Kila wazee walipotaja mahali kimakosa, bibi aliwasahihisha. Nilichojifunza kwake ni kwamba lugha ilipita njia moja na mizigo. Kusini ya Palma wako Wamwani, watu ambao jina lao linatokana na neno mwani, yaani pwani. Lugha yao ya Kimwani iko karibu sana na Kiswahili. Mswahili wa Mikindani akishuka Msimbwa, mji ambao ramani inauita Mocímboa da Praia, huhitaji kusikiliza kwa makini, lakini halali njaa kwa kukosa maneno ya kuombea chakula.

Kutoka hapo hadi Ibo ndipo safari ya barazani ilipokuwa ngumu, na ndipo mabaharia hawa walipoonyesha ujuzi wao. Kuanzia Rasi Delgado mpaka Pemba (mji wa Msumbiji, si kisiwa chetu) iko safu ya visiwa vipatavyo thelathini, vingi vyake vidogo na vya chini: Vamizi, Metundo, Matemo, Ibo, Kerimba na vinginevyo. Kati ya kisiwa na kisiwa kuna mlango, na kila mlango una saa yake. Maji ya bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, hujaa sana na kupwa sana. Chombo kikichelewa kinapwelewa juu ya mchanga na kukaa hapo kikisubiri. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo, lakini miamba isiyoibuka ndiyo huchana vyombo. Mchana walisoma rangi ya maji. Usiku walipima kwa bildi, na penye maji haba kwa upondo, mmoja akisimama omo na kupaza sauti. Hakuna aliyewahi kuandika haya. Kijana alijifunza kwa kukaripiwa.

Ujuzi huu ni wa kale. Kabla Wareno hawajafika, vyombo vya Kilwa vilipita hapa kwenda Sofala kufuata dhahabu, na Ahmad ibn Majid, baharia Mwarabu mashuhuri wa karne ya 15, alitunga urjuza kuhusu njia hiyo ya Sofala. Visiwa vya Kerimba vyenyewe vilijulikana kwa nguo zilizofumwa huko, ambazo Wareno waliziita nguo za Maluane. Wafanyabiashara wa visiwa hivyo hawakukubali haraka kuwa chini ya Ureno, na mwanzoni mwa miaka ya 1520 Wareno walikishambulia kisiwa cha Kerimba na kuuchoma mji wake.

Lakini nisiwapambe mabaharia kupita kiasi. Katika karne ya 18 na ya 19 Ibo ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Milango ile ile na maarifa yale yale ya maji kujaa na kupwa yalitumika kuwapitisha binadamu waliofungwa. Nilipolitaja jambo hili barazani wazee walinyamaza kidogo. Kisha babu akasema kwamba bahari haimuulizi mtu amepakia nini. Nadhani ni kweli kwa bahari. Kwa nahodha si kweli, na mwanahistoria anayetaka kuwatetea mabaharia wa pwani hana budi kuliandika hilo pia.

Sasa nirudi kwa rubani. Swali la babu kuhusu mwezi lina jibu. Merikebu za da Gama zilifika mbele ya Malindi tarehe 14 Aprili, mkesha wa Pasaka. Pasaka hufuata mwezi mpevu, kwa hiyo tunaweza kuhesabu kurudi nyuma. Kwa kalenda ya Kiislamu, tarehe 31 Machi 1498 inaangukia takriban tarehe 7 Shaabani mwaka 903. Niliporudi Mikindani na jibu hilo, wazee hawakuhitaji kitabu tena. Mwezi saba, wakasema, ni nusu. Jua likizama unakuwa juu kichwani, halafu unateremka magharibi na kutua karibu na usiku wa manane. Pwani ya Cabo Delgado iko magharibi ya anayepita baharini. Kwa hiyo kadiri usiku ulivyosonga, mwezi ulikuwa nyuma ya nchi, na nchi ikaonekana kama mstari mweusi. Kisiwa cha chini chenye miti, na bara lenye miti nyuma yake, huwa mstari mmoja. "Hata mimi ningesema bara," alisema aliyekuwa nahodha. Akaongeza kwamba maji yalikuwa mafu, hivyo hata mafungu ya mchanga yasingeibuka vizuri kumsaidia mtu kutambua mlango.

Mshika usukani hakukubaliana. Kwa maoni yake rubani alijua vizuri na alidanganya makusudi. Wageni wenye mizinga walikwisha gombana na watu wa Kisiwa cha Msumbiji. Kwa nini awaonyeshe visiwa vyenye maji matamu na mahali pa kutia nanga? "Mimi ningedanganya," alisema, "na ningechapwa, na ningedanganya tena." Walibishana mpaka magharibi.

Mimi siwezi kuamua kati yao. Ninachoweza kusema ni kwamba shajara inatupa maelezo mamoja tu, uongo, na kwamba mwandishi wake hakuwa na njia ya kutofautisha kati ya rubani mwongo, rubani aliyekosea na rubani aliyefichwa nchi na usiku. Siku chache baadaye shajara inasimulia jambo jingine: merikebu zilikipita kisiwa ambacho wanahistoria wanakitambua kuwa Kilwa, zikahangaika siku nzima kurudi, zikashindwa kwa upepo. Kwa wazee wa Mikindani hilo si fumbo. Upepo ukikupeleka kaskazini na mkondo ukienda huko huko, ukiipita Kilwa umeipita. Wareno walikuwa na merikebu kubwa, lakini pwani hii hawakuijua, na asiyejua huona hila kila mahali.

Safari za babu zilikatika kwa sababu nyingine. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, Cabo Delgado. Njia ya bahari ikawa ya hatari, na jahazi la babu likabaki upande wetu. Baada ya uhuru wa Msumbiji, tarehe 25 Juni 1975, bibi aliweza tena kumwona mdogo wake. Baadaye barabara na magari vilichukua abiria, na Daraja la Umoja juu ya Ruvuma likafunguliwa mwaka 2010, mbali kabisa na bahari. Vijana wa nyumbani kwetu hawakuona haja ya kujifunza milango ya Vamizi.

Halafu tarehe 5 Oktoba 2017 Msimbwa ulishambuliwa na wapiganaji wenye silaha, na vita vipya vikaanza. Agosti 2020 mji ukaangukia mikononi mwao na ukabaki hivyo kwa takriban mwaka mzima. Oktoba 2020 watu kwa maelfu walikimbia kwa mashua na majahazi hadi ufuko wa Paquitequete mjini Pemba, na mwishoni mwa mwezi huo mashua moja ilizama kati ya Ibo na Matemo ikiwa na wakimbizi, wengi wakafa. Tarehe 24 Machi 2021 ikafika zamu ya Palma, alikokuwa bibi mdogo.

Nyumbani kwetu tuliisikia kwenye redio. Bibi hakulia, alikaa tu na simu mapajani. Babu alitoka nje kutazama upepo. Aliporudi alisema kaskazi haijafa kabisa, na kwamba mtu akipata nahodha anayejua njia ya ndani, anaweza kufika Pemba. Alirudia maneno hayo kwa siku nyingi. Wakati ule nilidhani ni maneno ya kumfariji mkewe. Sasa, baada ya wiki zile mbili barazani, naamini alikuwa akihesabu.

Simu ilikuja mwezi wa Juni, kwa namba ngeni. Bibi mdogo alikuwa hai mjini Pemba. Alisafiri kwa mashua ya wavuvi pamoja na watu wengi asiowajua, wakijificha mchana kwenye mikoko na kwenda usiku bila taa. Alikumbuka kijana mmoja aliyesimama mbele na upondo, akipima maji na kunong'ona kina chake kwa mshika usukani, mpaka alfajiri. Bibi mdogo hakumjua jina lake.

Kwa hiyo nahitimisha kwa kurudi kwenye hoja yangu. Maarifa ya kuambaa pwani ya Cabo Delgado si simulizi za wazee za kupitishia jioni. Yanatusaidia kuhoji shajara ya 1498, yanaeleza kwa nini mpaka wa 1886 haukukata undugu, na mwaka 2021 yaliokoa watu. Wanafunzi wa historia katika vyuo vyetu tunaweza kuyakusanya sasa, huko Mikindani, Msimbati, Kilwa na kambini walipo wakimbizi wa Palma na Msimbwa, kabla wenyewe hawajatutoka. Katika daftari langu la mwaka wa pili nimeufuta ule mstari mmoja.

Nilipomsomea babu rasimu ya insha hii, alinisahihisha jambo moja. Nilikuwa nimeandika kwamba maji ya Ruvuma hutambulika baharini siku zote. Akasema hapana, ni wakati wa mvua tu, na kwamba baharia atakayeniamini wakati wa kusi ataupita mdomo wa mto bila kuuona. Nimesahihisha.